Sauti ya Gemu Haijapotea, Imekosea Mlango

Saa nne usiku mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo anko. Gemu limekuwa bubu." Nikamuuliza kama muziki wa YouTube unasikika. Unasikika, tena vizuri. Nikamuuliza alifanya nini kabla gemu halijanyamaza. "Sijafanya kitu." Ndivyo wanavyojibu wote. Nilipomdadisi, hadithi ikatoka kidogo kidogo. Kompyuta yake ameiunga na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Mama yake akamwambia apunguze kelele, mtoto amelala. Akashusha sauti ya televisheni mpaka sifuri, akavaa hedifoni za Bluetooth, akaendelea kucheza bila kutoka kwenye gemu.

Nikamwambia: "Hebu pandisha sauti ya televisheni." Kilichofuata ni mlio wa bunduki, kilio cha mtoto, na sauti ya dada yangu ambayo ingenifikia hata bila simu.

Gemu halikuwa bubu. Muda wote lilikuwa likiongea na televisheni iliyozibwa mdomo, na yeye masikio yake yako kwenye hedifoni. Wakati ananipigia alikuwa amebakiza kubofya mara moja tu alifute gemu zima alipakue upya: zaidi ya gigabaiti 50, kwa bando la kununua.

Makala hii nawaandikia yeye na wenzake. Neno lake kuu ni moja: sauti ya gemu ikitoweka baada ya kubadilisha kifaa, mara nyingi hakijaharibika kitu. Imekwenda mahali usiposikiliza. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta ilipo, kutengeneza kuje baadaye.

Kwa nini muziki unahama na gemu linabaki

Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, Microsoft ilikuwa imeusuka upya mfumo wake wa sauti, na misingi ile ndiyo tunayoitumia hadi leo. Kila mahali sauti inapoweza kutokea huhesabiwa kuwa kifaa kinachojitegemea: spika za ndani ya laptopu, tundu la hedifoni, televisheni iliyo upande wa pili wa waya wa HDMI, hedifoni za Bluetooth, kidude cha USB. Kimoja kati ya hivyo huwa chaguo-msingi, yaani kifaa kinachopewa sauti ya kila programu isiyosema inataka kwenda kwingine.

Gemu likiwaka huuliza njia: sauti niipeleke wapi? Linaelekezwa kwenye chaguo-msingi, linafungua bomba kuelekea huko na kuanza kumimina. Ukibadilisha chaguo-msingi katikati ya mchezo, kitakachotokea kinategemea alivyolijenga mtengenezaji. Programu zinazopitia njia za zamani kama DirectSound huhamishwa na Windows yenyewe. Zinazozungumza na mfumo kwa karibu zaidi, kwa njia inayoitwa WASAPI, hutakiwa zisikilize taarifa za mabadiliko, zifunge bomba la zamani na kufungua jipya. Windows 10 ilileta namna ya kuhamishwa bila usumbufu huo, lakini mtengenezaji lazima awe ameichagua.

Magemu mengi yaliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalijengwa juu ya XAudio2 toleo la 2.7, lililokuja na kifurushi cha DirectX cha Juni 2010. Toleo hilo halimfuati mtu aliyehama. Likipoteza kifaa chake, mitambo ya sauti ya gemu husimama, mara nyingi mpaka gemu lifungwe na kuwashwa tena. Ndiyo maana kivinjari kinakufuata kwenye hedifoni kama mbwa mwaminifu, na gemu linabaki kwenye televisheni. Gemu la namna hii huuliza njia mara moja tu, mwanzo wa safari.

Dakika tano za uchunguzi

Kabla hujasakinisha wala kufuta chochote, fanya haya kwa utaratibu.

Kwanza, toka kwenye gemu kwa Alt na Tab bila kulifunga, kisha cheza sauti yoyote nyingine. Isiposikika popote, tatizo ni la kompyuta au kifaa. Ikisikika, tatizo liko kwa gemu au njia yake, na suala la draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, unaweza kuliweka kando kwa sasa.

Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sndvol, gonga Enter. Litafunguka dirisha la zamani la kupimia sauti, ambalo bado lipo kwenye Windows 10 na 11. Kila programu iliyofungua bomba ina mstari wake, na rangi ya kijani hupanda na kushuka sauti inapopita. Kushoto kuna jina la kifaa lenye mshale. Ubofye, chagua kifaa kimoja baada ya kingine, na kila mara angalia kama gemu limo.

Hapo utapata moja ya majibu matatu. Ukiliona gemu chini ya kifaa usichokisikiliza na kijani kinacheza, limekosea mlango, basi. Ukiliona chini ya kifaa sahihi lakini kijani kimelala, sauti imezimwa ndani ya gemu lenyewe au gemu limekwama. Usipoliona popote, halijafungua bomba lolote, na hakuna kitakachosaidia mpaka uliwashe upya. Angalia pia kama alama ya spika chini ya gemu imepigwa mstari mwekundu. Nimeshuhudia watu wazima wakihangaika jioni nzima kwa ajili ya alama hiyo.

Tatu, lifunge gemu kabisa. Kulipunguza chini ya skrini si kulifunga. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc uhakikishe halijabaki nyuma ya pazia. Chagua kifaa unachokitaka kwa kubofya alama ya spika karibu na saa, ndipo uliwashe gemu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa, maana kesi nyingi hupona kwa hatua hii.

Amri ya zamani uliyoisahau

Ikiwa umewasha upya na gemu bado linakimbilia kifaa kilekile, huenda wewe mwenyewe ulishaliamuru. Sasisho la Windows 10 la Aprili 2018 lilileta uwezo wa kuipangia kila programu kifaa chake. Kwenye Windows 11 nenda “Settings”, kisha “System”, “Sound”, halafu “Volume mixer”. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo huitwa “App volume and device preferences”.

Kupanga huku ni kuzuri: gemu liende kwenye hedifoni, muziki ubaki kwenye spika. Ubaya wake ni kwamba Windows haisahau. Uliloliagiza mwezi wa tatu ukiwa unajaribu jaribu, mwezi wa tisa bado linatekelezwa, hata ubadilishe chaguo-msingi mara kumi. Washa gemu, fungua orodha hiyo, ulipangie kifaa sahihi au urudishe “Default”. Chini kabisa kuna kitufe cha “Reset” kinachofuta amri zote kwa pamoja. Magemu kadhaa huhama papo hapo ukibadilisha hapa, mengine husubiri yawashwe upya.

Usisahau kutazama ndani ya gemu. Lipo gemu lenye orodha yake ya vifaa vya sauti, na neno lake hushinda la Windows. Minecraft ya Java, kwa mfano, ilipata sehemu ya kuchagua kifaa katika toleo la 1.18 la mwishoni mwa 2021. Ukikuta orodha kama hiyo, ama uiache kwenye chaguo-msingi la mfumo, ama ukumbuke kwamba uliigusa.

Bunduki zinasikika, wenzako hawasikiki

Hili huwachanganya wengi wanaocheza kwa timu. Tangu Windows 7, mfumo una machaguo-msingi mawili: moja la sauti ya kawaida na jingine la mawasiliano. Milipuko na muziki hufuata la kwanza, mazungumzo ya wachezaji yanaweza kufuata la pili. Ukihamisha moja tu, utasikia vita vyote kwenye hedifoni, na wenzako wanakuita jina kupitia televisheni.

Bonyeza tena Windows na R, andika mmsys.cpl. Bofya kifaa chako kwa kitufe cha kulia cha mausi, ukiwekee alama zote mbili: “Set as Default Device” na “Set as Default Communication Device”. Ukiwa hapo hapo, fungua ukurasa wa “Communications”. Windows imepangwa kushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 inapohisi kuna maongezi. Kama gemu lako hufifia kila rafiki anapofungua mdomo, chagua “Do nothing” na shida itaisha.

Bluetooth na sauti ya kisimani

Sasa kwa wenye hedifoni za Bluetooth, ambao ndio wengi. Malalamiko yao ni haya: muziki ni mtamu, lakini gemu likiwaka sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya kisima.

Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Ya kwanza, A2DP, hupeleka sauti nzuri ya pande mbili, kulia na kushoto, lakini ni ya kwenda tu, maikrofoni haitumiki. Ya pili, HFP, ilitengenezwa kwa ajili ya simu: huenda na kurudi, ila sauti yote hubanwa kuwa ya mkondo mmoja na ubora wa simu, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati A2DP kwa kawaida hutumia 44,100 au 48,000. Gemu lenye maongezi ya timu likiifungua maikrofoni ya hedifoni, hata kama huongei neno, Windows huhamia njia ya simu na kila kitu huharibika.

Kwenye Windows 10 njia hizi huonekana kama vifaa viwili, kimoja kina neno “Stereo” na kingine “Hands-Free”. Watu wengi huchagua cha pili bila kujua. Windows 11 imeviunganisha kuwa kimoja na hujibadilisha yenyewe, kwa hiyo huoni kilichotokea, unasikia tu.

Dawa ni kuiacha maikrofoni ya hedifoni ilale. Ndani ya gemu, na ndani ya programu ya maongezi ya Discord kama unaitumia, chagua maikrofoni ya laptopu au ya USB. Kama huongei na mtu, zima maongezi ya sauti kabisa. Kwenye Windows 10 unaweza pia kufungua “Devices and Printers”, ukaingia kwenye sifa za hedifoni, ukurasa wa “Services”, ukaondoa tiki kwenye “Handsfree Telephony”. Kuanzia hapo kompyuta haitaweza kuitumia njia ya simu hata ikitaka.

Kuna mwizi mwingine: simu yako. Hedifoni nyingi za siku hizi huunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Simu ikiita tu, au video ikianza kucheza humo, hedifoni hugeukia huko na gemu hubaki hewani. Zima Bluetooth ya simu unapocheza.

Televisheni, USB na vifaa vinavyojificha

Waya wa HDMI au DisplayPort hubeba picha na sauti kwa pamoja, na draiva za kadi ya michoro, iwe ya NVIDIA, AMD au Intel, huja na kipande cha sauti ndani yake. Ndiyo sababu baada ya kusasisha draiva ya michoro unaweza kukuta kioo chako cha kompyuta kimejifanya spika na kunyakua chaguo-msingi, hata kama hakina spika ya maana. Kama huhitaji sauti kutoka kwenye kioo, kifungue katika mmsys.cpl na uchague “Disable”. Mlango usiotumika ni heri ufungwe.

Kwa sisi tunaoishi na umeme wa kuja na kuondoka, laptopu iliyoungwa na televisheni ina kisa chake. Umeme ukikatika, televisheni inazima lakini laptopu inaendelea kwa betri. Kwa Windows, kifaa kimeondoka. Bomba la gemu limekatika. Umeme ukirudi televisheni inarudi, picha inarudi, muziki unarudi, ila gemu la kizamani halirudi. Hifadhi ulipofika, funga, washa tena.

Hedifoni za USB zina tabia tofauti. Ukizichomeka kwenye tundu jingine, Windows mara nyingi huzihesabu kuwa kifaa kipya, na jina lake huanza na “2-”. Mipangilio yako yote imebaki kwa jina la zamani. Chagua tundu moja na usilihame.

Zile zisizo na waya zinazotumia kidude cha USB ni za hila zaidi. Kwa kawaida kompyuta inakiona kidude, haizioni hedifoni zenyewe. Ukizizima au zikiisha chaji, kidude bado kimechomekwa, hivyo Windows inaendelea kuzipelekea sauti. Mgeni ameshaondoka, mwenyeji bado anampakulia. Hapa hakuna kubadilika kwenyewe. Lazima ubadilishe kwa mkono.

Wanaotumia kompyuta za mezani za ofisini zilizotumika Ulaya, kama zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, wakumbuke kwamba nyingi zina kispika kidogo ndani na matundu mawili, mbele na nyuma. Ukichomoa hedifoni za mbele, sauti hurukia kispika cha ndani. Kabla ya kulaumu gemu, sogeza sikio karibu na boksi.

Wahusika wanachezesha midomo tu

Wakati mwingine sauti imefika mlango sahihi, ila sehemu yake imebaki njiani. Unasikia muziki, mvua na nyayo, lakini mhusika akiongea, kimya. Hii hutokea Windows inapoamini una spika sita au nane, labda kwa sababu uliwahi kuunga mfumo wa sinema ya nyumbani. Maneno ya wahusika hupelekwa spika ya katikati, ambayo hedifoni zako hazina.

Katika mmsys.cpl chagua kifaa, bofya “Configure”, weka “Stereo”. Kisha angalia mipangilio ya sauti ndani ya gemu na uchague hedifoni badala ya sinema ya nyumbani. Zima pia sauti ya mzunguko, kama Windows Sonic au Dolby Atmos, mpaka umalize uchunguzi. Washa gemu upya, kwa kuwa idadi ya spika nayo kwa kawaida huulizwa mwanzoni tu.

Magemu ya zamani hutatizwa pia na kipimo cha sampuli kilichopandishwa mno. Wachezaji wa Skyrim ya mwaka 2011 walishauriana sana kushusha kipimo hadi 44,100 ili gemu lisianguke likianza. Kifaa chako kikiwa kwenye 192,000, fungua sifa zake, ukurasa wa “Advanced”, ushushe hadi 48,000 au 44,100. Ukurasa huohuo una tiki mbili zinazoruhusu programu moja kukimiliki kifaa peke yake. Ziondoe kama gemu na programu nyingine zinanyang'anyana.

Ukishindwa kote

Ikiwa hakuna programu yoyote inayotoa sauti, andika services.msc katika dirisha la Windows na R, utafute “Windows Audio” na “Windows Audio Endpoint Builder”, uziwashe upya zote mbili, kisha uwashe gemu. Isipofaa, zima kompyuta na uiwashe. Hapo ndipo draiva inapoingia: ichukue kwenye Windows Update au tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Programu za kulipia zinazoahidi kutibu draiva zako zote kwa kubofya mara moja ziache zikupite.

Anayebadilisha vifaa kila siku apate msaidizi. SoundSwitch ni ya bure na hubadilisha kifaa kwa vitufe, kwa kawaida Ctrl, Alt na F11. EarTrumpet, nayo ya bure na inapatikana Microsoft Store, hukuonyesha kila programu iko kifaa gani na kukuwezesha kuihamisha. Wenye Linux wana pavucontrol: kwenye ukurasa wa “Playback” kila programu ina orodha ya vifaa pembeni yake, na sauti huhama gemu likiendelea.

Mpwa wangu hakufuta gemu. Alilifunga, akachagua hedifoni, akaliwasha, akasikia. Ilimchukua dakika mbili, na bando lake likabaki. Sasa ana mazoea mapya ambayo nawasihi nanyi muyachukue: vaa hedifoni kwanza, hakikisha zimekuwa chaguo-msingi, ndipo ubofye gemu. Na siku likinyamaza, usifute kitu kabla hujajua sauti iko kwenye kifaa gani.